Sajini Aliyevuliwa Sare

Jumatatu, 2 Septemba 1963

Mbwa wa Absalomu ananyonyoka manyoya! Nimeona leo kwa macho yangu. Nilikuwa kwenye cherehani, akapita uani, jua likampiga ubavuni — ngozi tupu, kama kuku aliyekwisha tiwa maji ya moto. Nikasimamisha cherehani. Gauni la watu nusura nilishone mkono upande mmoja.

Jina lake Sajini. Absalomu alimpa jina hilo kwa sababu husimama wima mlangoni kila apitapo mtu. Sasa sajini anavuliwa sare. Amekosa nini, maskini?

Absalomu Odhiambo ni mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, yeye na mkewe Rispa, tangu mwezi wa tatu. Mjaluo, dereva wa winchi bandarini. Hutoka alfajiri, hurudi na feri ya jioni. Mpole, tena msafi kupita kiasi — shati lake la kazi limenyooshwa kuliko kanzu ya maulidi ya marehemu mume wangu, Mungu amrehemu. Husema "sikamoo, mama," nami huitika marahaba bila kumsahihisha. Sikamoo yake ina adabu kuliko shikamoo za vijana wengi wa hapa Likoni.

Siku aliyokuja na mbwa nilimwambia: uani sawa, ndani haingii. Akasema, "Ndiyo, mama." Na hajaingia hata siku moja. Si Absalomu, nasema mbwa.

Kwa nini nilimkubali? Kuku! Kabla ya Sajini kicheche alikuwa akila kuku wangu na wezi wakimalizia. Tangu aje hajapotea hata kifaranga. Wifi yangu Mwanatatu, wa nyumba ya pili, asema nyumba yenye mbwa malaika wa rehema haingii. Nikamwambia na mwizi pia haingii. Na mbwa wa kulinda ana ruhusa yake, akamuulize mwalimu yeyote. Alinyamaza. Kwa Mwanatatu hilo ni jambo la kuandikwa, ndiyo maana nimeliandika.

Alhamisi, 5 Septemba 1963

Leo nimemkagua vizuri. Kwa mbali, lakini vizuri. Kifua kitupu. Tumbo tupu. Mbavu zote mbili zimebaki na viraka. Lakini kichwa — manyoya tele! Na ncha ya mkia tele. Kama mtu aliyevaa kofia na soksi akasahau mengine.

Rispa anasema ni minyoo. Mwanatatu anasema ni upele, na upele wa mbwa haupoi. Muuza maji anasema ni uzee. Mbwa ana miaka mitatu! Kila mtu daktari mtaani hapa. Nami nimetoa dawa yangu: majani ya mwarobaini yachemshwe, yapoe, apakwe. Rispa akaenda kuyachuma palepale.

Absalomu yeye hakutoa dawa. Aliporudi alichuchumaa mbele ya mbwa, wakatazamana kama watu waliofiwa.

Jumatatu, 9 Septemba 1963

Mwarobaini haukufanya kitu, ila Sajini ananuka kama zahanati.

Na leo kanitia kazini. Niliacha bakuli la maji ya mchele kizingitini, nikageuka kumpima mteja — huyo kichwa ndani! Ikabidi kuliosha bakuli mara saba, moja kwa mchanga, kama sheria ilivyo. Nikaosha pale uani nikihesabu kwa sauti, kama nilivyofanya mwezi wa nne alipolamba sufuria. Nahesabu kwa makusudi, wapangaji wasikie, wajue nyumba hii ina utaratibu wake. "Mooja! Mbiiili!" Marehemu alikuwa akisema sauti yangu ya kuhesabu yafaa kwenye mnada.

Rispa alisimama kunitazama kwa heshima, kama yuko kanisani. Mwezi wa nne Absalomu naye alikuwepo. Nakumbuka alikuwa akipiga pasi, akaiacha, akawa anahesabu pamoja nami kwa midomo. Nilifurahi. Nikasema moyoni, wabara hawa wana akili, wanajifunza.

Jumamosi, 14 Septemba 1963

Dawa ya pili: kibiriti upele kilichosagwa na mafuta ya nazi. Shauri la Rispa. Mbwa amekuwa manjano. Watoto wa chuo cha Kurani wanamfuata wakiimba. Kuku wenyewe wamemkimbia.

Manyoya yanazidi kudondoka.

Ijumaa, 20 Septemba 1963

Nimekasirika! Absalomu ana rafiki yake gereji moja kule Magongo. Rafiki kampa chupa ya oili chafu ya gari, kamwambia huko kwao mbwa hupakwa hiyo, na kesho yake anameta. Wakampaka jana jioni. Mbwa ana ulimi, hawakulifikiria hilo. Usiku kucha katapika. Asubuhi nimemkuta amelala kando ya banda la kuku, hakuinuka hata kuku walipompanda mgongoni.

Nikamwita Rispa. Nikamwambia aipanguse kwa unga, kisha sabuni laini na maji ya kisima, amnyweshe maji mengi, na chupa ile aitupe mbali na nyumba yangu. Gari halina ngozi, nikamwambia. Akalia. Basi nikaona nimezidisha, nikampelekea uji — wa kwake yeye, si wa mbwa.

Mbwa naye alipata kidogo.

Jumapili, 29 Septemba 1963

Sajini ameamka. Anakula. Jana kamfukuza kicheche mpaka kwenye makuti ya jirani. Uchi vile, lakini kazi anafanya!

Mwanatatu alikuja na kahawa na maneno. Kahawa kidogo. Watu wanasema, ati, mwambao huu una wenyewe, na Uhuru ukija wabara warudi kwao, na mbwa wao wenye maradhi. "Wanasema nani?" nikamuuliza. "Watu." Watu hao nawajua, mmoja wao alikuwa amekaa mbele yangu akinywa kahawa.

"Wifi yangu," akaniambia, "mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Leo yuko uani. Kesho yuwapi?"

Nikacheka. Lakini Rispa alikuwa akianua nguo nyuma ya ukuta. Zile nguo zilichukua muda mrefu sana kuanuliwa.

Jumanne, 8 Oktoba 1963

Bwana afya kaja. Kofia, kaptula, fimbo ya kupekulia mitaro. Nilidhani kaja kuangalia mbu kwenye mapipa, nikayafunua yote kwa fahari. Hakuyatazama! Kamtazama Sajini.

Kasema mbwa huyu ana upele, utawapata watoto. Mji unasafishwa kwa ajili ya Uhuru. Mbwa wasio na wenyewe na wenye maradhi wote watapigwa risasi. Nikamwambia huyu ana mwenyewe, tena mwenyewe ananyoosha mashati. Hakucheka. Kasema atarudi kabla ya sherehe, na atakapokuja mbwa awe na manyoya au awe hayupo.

Absalomu aliporudi nilimweleza. Akasema, "Nitaongeza usafi, mama." Sikumwelewa. Angeongeza wapi? Chumba chake unaweza kula sakafuni!

Alhamisi, 17 Oktoba 1963

Leo watu wa mifugo walikuwa sokoni wakidunga mbwa sindano ya kichaa. Nimetoka na Rispa na Sajini. Mimi mbele, Rispa nyuma yangu na kamba, nami najifanya sina habari nao. Soko zima lilijua.

Anayedunga anaitwa Mramba, Mgiriama, kaja na baiskeli na sharubu nene. "Shikamoo, mama." Marahaba, mwanangu. Akavua kofia apanguse jasho — kipara! Daktari wa manyoya hana hata unywele. Nikamwambia afadhali asimwambukize mbwa. Akacheka mpaka sindano ikatikisika. Nikampenda.

Lakini alimkagua Sajini kweli. Kampasua manyoya ya kichwani, kamwinua masikio, kamsugua ngozi kwa ncha ya wembe. Akauliza, usiku anajikuna? Kidogo tu, Rispa akajibu. Basi si upele, akasema. Mbwa wa upele halali, hujikuna mpaka damu, huanzia pembe za masikio na viwiko, na anayemshika naye huwashwa. Rispa akaonyesha mikono, safi. Choa nacho hukaa kwa miduara, kama shilingi. Hakuna miduara. Viroboto hula shina la mkia kwanza. Mkia mzima.

"Huyu amenyonyoka pande mbili sawasawa, mama, na ngozi imekauka kama samaki wa chumvi. Kichwa hakikuguswa. Kinachomla kinaogopa uso."

Ni nini basi? Akajikuna kipara. Kasema labda ugali mtupu, wamchanganyie dagaa. Kisha akasema la maana zaidi: tuangalie kila kinachomgusa, tangu alfajiri mpaka jioni. Mkeka, kamba, majani, maji. Dawa zote ziachwe kwanza.

Njiani nikawaza. Kinaogopa uso! Jini gani hilo lenye haya?

Ijumaa, 18 Oktoba 1963

Nimeangalia kutwa. Mkeka wa kawaida. Kamba ya katani, shingoni, na shingoni manyoya yapo. Amelala kivulini, kalinda kuku, kambwekea muuza samaki. Hakuguswa na mtu.

Nimeona kitu kimoja tu. Mlangoni kwa Absalomu kuna debe la mchanga mweupe, umechekechwa. Nikamuuliza Rispa wa nini. Wa Absalomu, akasema, ndio huchukua alfajiri akienda kumnyoosha mbwa miguu pwani. Nikasema kumbe pwani nako kunapelekwa mchanga! Tukacheka wote wawili.

Sasa naandika na sicheki tena. Mtu gani apeleka mchanga pwani?

Jumatatu, 21 Oktoba 1963

Nimejua.

Baada ya sala ya alfajiri nikajitanda, nikawafuata. Umri wangu huu napeleleza watu! Wakateremka kule kwenye mawe, mbali na feri. Nikajibanza nyuma ya jiwe kubwa.

Absalomu akavua shati, akalikunja, akaliweka juu ya kipande cha gazeti. Akakunja suruali. Sajini akaingia majini mwenyewe, akasimama. Hakuna aliyemwambia. Amezoea! Maji ya chumvi mpaka tumboni. Absalomu akatoa mche mzima wa sabuni, ile kali ya kufulia, na kumbi la nazi. Akaanza kumsugua. Kifua, tumbo, mbavu. Kichwa hakukigusa — sabuni isimwingie macho. Na anahesabu.

"Mooja!"

Kwa sauti yangu! Lafudhi yangu, mvuto wangu, mnada wangu ule ule.

"Mbiiili!" Akamsuuza kwa maji ya bahari. Sabuni tena. "Taaatu!" Mara ya saba akachukua ule mchanga wa debe, safi, uliochekechwa, kwa sababu wa pwani watu wanaukanyaga — akamsugua nao mwili mzima, polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto. Sajini kafumba macho, kavumilia. Kisha Absalomu akamtazama, akasema kitu kwa Kijaluo, akambusu paji la uso.

Kila siku ya Mungu! Tangu mwezi wa nne! Alidhani mbwa akikaa nyumba ya Mwislamu ndiye anayeoshwa mara saba. Ili nyumba yangu isinajisike.

Nimerudi mbio. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikacheka mpaka Rispa akatoka chumbani akidhani nalia. Akanikuta nalia.

Jumanne, 22 Oktoba 1963

Sijamwambia. Nitamwambiaje? Mtu ameamka na nyota miezi sita kwa ajili ya heshima yangu, nami nimwambie heshima yako ndiyo imemla mbwa? Na nani aliyehesabu kwa sauti, mtaa wote usikie? Si mimi?

Nimeharibu mikono miwili ya blauzi leo. Yote ya kushoto.

Kesho alfajiri ataoshwa tena. Na bwana afya atarudi. Lazima niseme.

Jumatano, 23 Oktoba 1963

Kitambo kidogo kabla ya adhana nilimsubiri uani. Akatoka na debe lake.

Nikaanza kwa ujanja. "Bwana Absalomu, nimesikia mbwa wa kulinda amesamehewa kuoshwa."

"Nani amesema, mama?"

"Mwalimu." Mwalimu gani? Mungu anisamehe.

Akafikiri. "Basi mbona bakuli uliliosha, mama, na aliyelamba ni huyu huyu wa kulinda?"

Mtu wa winchi huyu! Anajua kizito kimefungwa wapi. Nikaona uongo wangu mfupi, nikauacha. Nikamwambia, "Mwanangu, kinachooshwa ni chombo. Chombo alicholamba, au mkono uliomshika akiwa amelowa. Si mbwa. Mbwa ukimwosha mpaka Kiyama atabaki mbwa. Na akiwa mkavu hata kumgusa hakuna neno. Chumvi na sabuni na kumbi ndivyo vinavyomnyonyoa."

Alilitazama debe. Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. Sajini alikuwa tayari amesimama njiani anangoja kwenda kuogeshwa.

"Mimi nilitaka sala zako zipokelewe, mama," akasema.

Nikatafuta neno la mzaha. Mimi, Mwanarusi, ambaye msibani watu hunikanyaga mguu ninyamaze! Sikulipata. Nikaingia ndani nikasali, na nikamwombea. Mbwa pia, kidogo. Sijui kama inafaa.

Ijumaa, 1 Novemba 1963

Utaratibu mpya wa nyumba hii: hakuna bahari, hakuna sabuni ya mche, hakuna kumbi. Rispa alimsuuza mara moja kwa maji baridi ya kisima, akamkausha kwa gunia laini. Mafuta ya nazi, chembe tu, kwenye mipasuko. Dagaa kwenye ugali, maana kipara naye alisema, tusimpuuze.

Tatizo ni jua. Ngozi tupu inaungua, naye anajilamba. Nimeamua kumshonea fulana ya kitambaa cha amerikani. Absalomu alimpima kwa futi yangu huku mimi nimesimama mbali nikipiga kelele: kifua! urefu! kwapa! Tundu nne za miguu, vifungo mgongoni. Na begani — nisingeweza kujizuia — tepe tatu nyekundu. Sajini karudishiwa sare!

Mwanatatu kaiona ikiwa kambani. "Wifi! Kesho wamshonea kanzu?" Nikamwambia kanzu mpaka ahitimu chuo. Alikuwa anataka kukasirika lakini mbwa akapita na tepe zake, akasimama mbele yake kama kawaida, wima. Nilimwona Mwanatatu akijifunika mdomo kwa leso.

Jumamosi, 16 Novemba 1963

Siku hizi naacha cherehani kila asubuhi nimkague. Hakuna. Ngozi imelainika, wekundu umekwisha, lakini manyoya hakuna. Mramba alipita na baiskeli, akasema manyoya hayana haraka, huenda miezi. Yake mwenyewe bado anayangoja.

Miezi hatuna.

Jioni Rispa kaniletea habari, huku anakata sukuma wiki asinitazame. Wameona chumba Changamwe, karibu na watu wao. Absalomu ana haya. Anaona amewaharibia wote, mbwa na mimi, jina langu linasemwa mtaani. Nikasema jina langu limesemwa tangu halijaolewa. Hakucheka.

"Wakimpiga Sajini, mama, hatutangoja mwisho wa mwezi."

Kwa ajili ya mbwa? nikamuuliza.

"Sajini akiondolewa, watu watasema wamebaki wawili."

Nimekaa hapa na taa. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu miaka minne baada ya marehemu. Nilikuwa napika chungu kizima cha wali kwa mazoea, kisha namwagia kuku. Sitaki! Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma: sitaki waondoke. Hata huyo mwenye tepe.

Jumapili, 1 Desemba 1963

Yapo! Yapo! Rispa kaniita nikatoka na sindano mdomoni. Kamvua fulana, kamgeuza juani — vumbi la hudhurungi, ubavuni, pande zote mbili! Mafupi kama ndevu za mvulana anayedanganya umri. Mpaka uinamishe kichwa ndipo uyaone.

Absalomu akapitisha kiganja, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Mguse, mama, ni mkavu!"

Nikasema macho yanatosha.

Mwanatatu naye kaja kutazama. Katazama sana. Akasema ni mavumbi tu hayo, na watu wake wale wanasema bwana afya ameanza ng'ambo ya soko. Lakini alipoondoka niliona kaacha kitu ukingoni mwa ukuta. Kichwa cha samaki, kwenye jani la mgomba. Samaki wa kwangu huletwa mlangoni. Huyu alikuwa wa nani?

Ijumaa, 6 Desemba 1963

Mvua. Bendera zinauzwa kila duka. Nimeshona nguo za Uhuru mpaka vidole vinauma: nyeusi, nyekundu, kijani. Vipande vilivyobaki nimemfungia Sajini shingoni, bwana afya aone ni mbwa wa serikali.

Manyoya yameongezeka, lakini mbavu za chini bado. Mtu mwenye nia njema atayaona. Mwenye bunduki sijui.

Absalomu kaomba ruhusa kazini kwa siku bwana afya atakayokuja. Tumeambiwa Jumatano. Amepanga maneno yake yote, kanisomea. Mazuri, ila "sikamoo" mbili.

Jumanne, 10 Desemba 1963

Wamekuja leo! Si kesho — leo!

Naandika ili nisipige kelele. Mkono mmoja naandikia, wa pili una kazi.

Rispa ametoka mbio kwenda feri kumwita Absalomu, mvua yote ile. Alimfunga Sajini uani, kamvua fulana iliyokuwa imelowa. Kidogo tu nikasikia bunduki, upande wa madukani. Moja. Kisha ya pili. Sajini akakata kamba. Yeye asiyeogopa kicheche wala mwizi! Nilikuwa chumbani nimetandika msala kwa adhuhuri — mlango ukasukumwa, kaingia. Miezi tisa hajavuka kizingiti. Kaingia na maji na matope, moja kwa moja juu ya msala wangu, kajikunja, kichwa chini ya kitanda. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia.

Mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Wifi yangu alisema. Ndiyo tumeingia!

Nilitaka kumwambia toka. Neno lilikuwa mdomoni. Nikajikuta nimekaa chini, na mkono wa kushoto uko shingoni mwake, kisha mgongoni, kisha ubavuni. Amelowa chepechepe. Mkono umelowa, leso imelowa, nami nimelowa. Debe la mchanga la Absalomu liko pale nje ya mlango, lina mchanga mpaka leo, halina kazi. Lina kazi sasa. Baadaye.

Yapo. Nayahisi chini ya kiganja. Madogo, yanachoma kidogo, kama amerikani mpya kabla ya kufuliwa. Hata mbavu za chini! Macho yangu ndiyo hayakuona.

Wako kwa Mwanatatu. Nawasikia ukutani. Bwana afya auliza mbwa wa upele yuko nyumba ipi. Wifi yangu, Mungu wangu, wifi yangu huyu ambaye—

"Upele? Upele wa nani? Mbwa wa mtaa huu yuwalinda, yuna sare kama wewe. Ukitaka upele nenda kwa waliokutuma!"

Nimeziba mdomo. Na mtetemo wa mbwa umepungua kidogo.

Viatu barazani. Hodi.

Hodi zikipita tatu bila jibu, muungwana huondoka. Sijui kama huyu ni muungwana. Naweza kunyamaza. Mlango wa mbele umefungwa, mvua inanyesha, nani atajua? Lakini atarudi kesho. Na Absalomu atakuta nimemficha, kama kitu cha aibu.

Hodi ya pili.

Sajini kainua kichwa. Kanilamba mkono wa kuandikia, kisha kalamba ukurasa huu, wino umekimbia. Na daftari je — litaoshwaje mara saba?

Hodi ya tatu. Nanyanyuka naye kufungua.